Kebo ya "mini SAS" imegoma kuingia kwenye kadi (sanduku MD1200, kadi LSI 9300-8e)

Mpiga_Picha_AreaC (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wakuu habari za usiku. Niko Dodoma, Area C. Tuna studio ndogo ya video: harusi, send-off, kipaimara, na mara mojamoja mikutano ya ofisi za Mtumba. Tunapiga kwa kamera tatu, na sherehe moja inaweza kula gigabaiti 400 kabla hata sijaanza kuhariri. Shida si kuhariri, shida ni kutunza. Mteja anarudi baada ya miaka mitatu anakuambia, "Naomba ile sehemu babu anacheza, babu ameshatutoka." Hapo ndipo unaanza kufungua droo ya diski za mkononi, moja haisomi, nyingine ilishaanguka sakafuni.

Mwezi uliopita nikapata kwenye mnada wa vifaa vya ofisi seva ya Dell PowerEdge R720 pamoja na sanduku la diski, PowerVault MD1200, lile la diski 12 kubwa. Nikawa mtu mwenye furaha sana. Kadi ya kuunganisha haikuwepo, nikanunua mtandaoni LSI 9300-8e kwa sababu watu walisema ni mpya na ina kasi ya gigabiti 12.

Ikabaki kebo ya SAS, ile njia ya seva kuongea na diski. Nikapiga simu duka moja Kariakoo, nikasema nataka kebo ya mini SAS ya nje, mita moja. Jamaa akajibu "ipo" kabla sijamaliza sentensi. Elfu themanini na tano. Ikapakiwa kwenye basi, nimeifuata leo asubuhi stendi ya Nanenane. Upande wa sanduku imeingia na kulia "tak" safi kabisa. Upande wa kadi haiingii hata kidogo. Mdomo wa kadi ni mwembamba, kichwa cha kebo ni kipana. Nimempigia muuzaji, ananiambia, "Mini SAS ni mini SAS kaka, sukuma."

Kijana wangu wa kuhariri ameshauri tukichonge kichwa kwa tupa. Tupa nimeificha.

Naomba msaada. Kuna kebo nyingine ya kuunganisha hivi vitu viwili au nimenunua kadi isiyo yake? Kadi ni ya 12, sanduku ni la 6, haviwezi kuunguzana? Na nyuma ya sanduku kuna midomo minne inayofanana, nichomeke upi?

Kibakwe_Boy (saa 3 na dakika 20)

Mkuu usisukume, utavunja kadi. Na kwa ushauri wangu uza huo mzigo wote, nunua kale kasanduku ka kuweka mezani ka diski nne, chomeka kwenye mtandao, ulale. Hiyo seva itakuamsha kwa kelele za feni na bili ya umeme.

Mpiga_Picha_AreaC (saa 3 na dakika 31)

Kelele hazinisumbui, itakaa stoo. Nilichopata mnadani ni diski 12 za terabaiti 4 kila moja, kwa bei ambayo diski nne mpya haziwezi kunipa. Sirudi nyuma sasa hivi.

Bibi_Raki (saa 4 usiku)

Mbukwenyi. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya seva vya chuo miaka 19, sasa nipo Kikuyu, hapahapa Dodoma, napalilia mizabibu, lakini hili limenigusa kwa sababu kosa lako nililifanya mimi mwenyewe tena kwa hela isiyo yangu.

Kijana, hujanunua kadi mbaya. Umenunua kebo kwa jina, na jina "mini SAS" halikuambii kitu. Ni sawa na kwenda Majengo sokoni ukasema "nipe mchele": utapewa, lakini mchele gani? Kebo hizi zinanunuliwa kwa namba ya kichwa, tena namba mbili, moja ya kila mwisho.

Kwa vifaa vyako ni hivi. Sanduku la MD1200 ni la kizazi cha SAS cha gigabiti 6, midomo yake inaitwa SFF-8088. Kichwa chake ni bapa na kipana, kina pini 26, na mara nyingi kina utepe wa kuvutia. Kadi ya 9300-8e ni ya kizazi cha gigabiti 12, midomo yake ni SFF-8644, hii watu huiita mini SAS HD. Ni nyembamba, ina pini 36, na imebanwa ili kadi fupi iweze kubeba midomo mingi zaidi. Kebo uliyouziwa ni 8088 pande zote mbili. Muuzaji hakukudanganya jina, alikudanganya aliposema sukuma. Hakuna kusukuma hapa. Vichwa hivi vikiwa sahihi vinaingia kwa vidole viwili na kulia, visipokuwa sahihi haviingii, na ukilazimisha unapinda kijumba cha chuma kwenye kadi na kadi nzima inakuwa urembo.

Unachotaka ni kebo yenye SFF-8644 mwisho mmoja na SFF-8088 mwisho mwingine. Ipo, ni ya kawaida kabisa, inatengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe wenye kadi mpya na sanduku la zamani. Ukimtumia muuzaji ujumbe andika namba zote mbili, uongeze neno "ya nje", na umwombe apige picha ya VICHWA VYOTE VIWILI karibu, siyo picha ya mfuko. Nasisitiza "ya nje" kwa sababu kuna 8087 na 8643, hizo ni ndugu zao za ndani ya seva, hazina ganda la chuma la kukinga. Namba zimepishana kwa tarakimu moja tu na wauzaji wanazichanganya kila siku. Ukikutana na kebo yenye kichwa kikubwa cha skrubu mbili pembeni, hiyo ni 8470, ya enzi za SAS ya kwanza. Iache ilipo.

Kuhusu kuunguzana, ondoa hofu. Kadi na sanduku vikiwashwa vinasalimiana kwanza na kukubaliana kasi ambayo wote wanaiweza. Kadi ya 12 inashuka hadi 6, hata 3. Kebo yenyewe haibadilishi kasi wala haina akili, ni shaba tu. Na usisikitike kwamba "unapoteza" 12 yako. Ndani ya kebo moja kuna njia nne, kila njia gigabiti 6, jumla 24. Kwa kuwa kila biti 8 za data zinasafirishwa zikiwa 10, unabaki na takriban megabaiti 600 kwa njia, 2,400 kwa kebo. Diski zako 12 za kuzunguka, zote zikisoma mfululizo kwa pamoja, ndiyo zitaanza kukaribia hapo. Wewe unahariri harusi, hutafika.

Midomo minne: sanduku lina moduli mbili nyuma, yaani vile vipande vya kuchomoa vyenye midomo ya kebo, na kila moduli ina mdomo wa kuingilia na wa kutokea. Kebo kutoka kwa seva inaingia kwenye mdomo wa kuingilia. Wa kutokea ni wa kupeleka kwenye sanduku la pili ukija kulipata. Kwa hiyo ile kebo yako ya elfu themanini na tano usiitupe, 8088 kwa 8088 ndiyo hasa ya kuunganisha sanduku la kwanza na la pili.

Sasa kosa langu, mkicheka mcheke taratibu. Tulipata sanduku la NetApp, DS4246, la diski 24. Midomo yake ilikuwa ya umbo la QSFP. Mimi nikaona QSFP nikasema hii naijua, ni ya mtandao wa gigabiti 40, tunazo kabatini. Nikachomeka, ikaingia vizuri kama imezaliwa nayo. Taa hakuna. Nikabadilisha kadi, nikabadilisha moduli, siku mbili zikaisha. Kumbe lile umbo ni la QSFP lakini kinachopita ndani ni SAS, na inatakiwa kebo ya QSFP kwenda 8088. Ndipo nilipojifunza kwamba umbo kuingia ni nusu ya habari. Na hata kebo ilipokuja, diski zikaonekana bila ujazo, mashine inalalamika "Unsupported sector size 520", kwa sababu zilikuwa zimepangwa kwa vipande vya baiti 520 badala ya 512. Tukazipanga upya kwa sg_format, programu ya kupanga diski upya, moja baada ya nyingine, saa nyingi. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine, wewe sanduku lako si hilo.

Fundi_Majengo (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Shikamoo mama. Nakubali yote ila naleta njia ya pili. Kebo anayo tayari, ya 8088 pande zote. Akiuza hiyo 9300 na kununua 9207-8e iliyotumika, ile ina midomo ya 8088, kila kitu kinaingia leo hii na anabaki na chenji. Sanduku lenyewe ni la 6 na 9207 ni ya 6. Kwa nini alipie 12 ambayo haitumii?

Pia kuna adapta ya kubadilisha 8644 kuwa 8088, nimeiona ikiuzwa.

Bibi_Raki (saa 2 asubuhi)

Marahaba. Hoja yako ya 9207 ni nzuri, na kama angeuliza kabla ya kununua ningemwambia hivyohivyo. Lakini kuuza kadi iliyotumika Dodoma si kuuza nyanya, anaweza kukaa nayo miezi miwili wakati droo inajaa. Na siku akipata sanduku la kizazi cha 12, 9300 itamfaa bila kugusa seva. Tofauti ya kebo moja ni ndogo. Mimi ningebaki na kadi.

Adapta sizitaki. Kila maungio ni mahali pa ishara kupungua na mahali pa vumbi kuingia, na vumbi la Dodoma la Agosti mnalijua. Kebo moja nzima kutoka mlango hadi mlango.

Kibakwe_Boy (saa 2 na nusu)

Mama swali la pembeni, urefu? Mimi kwangu seva iko chumba kingine, nikinunua ya mita tano itafaa?

Bibi_Raki (saa 3)

Kebo hizi za shaba zinapimwa kwa hatua za chumba, hazipimwi kwa urefu wa nyumba. Nunua fupi inayofika, bila kuvutwa. Kama sanduku limekaa juu ya seva, mita moja inatosha, mita mbili ukitaka kuivuta seva nje ya raki bila kuchomoa. Ukiongeza mita unapunguza nguvu ya ishara, na kasi ikipanda ndivyo uvumilivu unavyopungua. Usizikunje kama waya wa chaja, zipe mzunguko mpana. Wewe mwenye chumba kingine, hamisha sanduku, usihamishe kebo.

Mpiga_Picha_AreaC (saa 7 mchana)

Shikamoo mama, na asante sana, nimesoma mara tatu. Nimemtumia muuzaji mwingine namba zote mbili na neno "ya nje", ametuma picha ya vichwa, nimelinganisha na kadi kwa macho. Mita mbili, laki na ishirini. Inapanda basi la kesho.

Swali moja limebaki. Diski zangu, nimezitoa kuangalia, nane zimeandikwa SAS na nne SATA, zile za kompyuta za kawaida. Zitakaa pamoja? Na nikinunua kebo mbili, moja kila moduli, nitapata kasi mara mbili?

Bibi_Raki (saa 10 jioni)

Marahaba mwanangu. Zitakaa. Ndani ya moduli kuna kifaa cha kugawa njia, ekspanda, nacho kinaongea na SATA vizuri. Kwenye kebo data ya SATA inasafiri ndani ya SAS, kwa hiyo ule ukomo wa mita moja wa kebo za SATA usikutishe hapa.

Kebo mbili ni kwa ajili ya uhakika kwanza, kasi baadaye. Diski ya SAS ina milango miwili, kila moduli inaifikia kwa mlango wake, moduli moja ikifa nyingine inaendelea, lakini lazima upange multipath kwenye mfumo, yaani uutambulishe kwamba njia mbili zinakwenda kwenye diski ileile, la sivyo utaona kila diski mara mbili na utachanganyikiwa. Diski ya SATA ina mlango mmoja tu, ile njia ya pili haiioni mpaka uweke kipande cha kati cha kuunganishia. Na wewe umechanganya. Anza na kebo moja.

Kuwasha: sanduku kwanza, subiri diski zizunguke zitulie, ndipo seva. Kuzima: seva kwanza. Na vyote viwili viwe kwenye UPS moja. Nimeona mtu ameweka seva kwenye UPS na sanduku ukutani, umeme ukakatika, seva ikabaki hai inaandika hewani.

Mpiga_Picha_AreaC (Ijumaa, saa 5 usiku)

Wakuu, kebo imefika. Imeingia kote, tak na tak. Nimewasha sanduku, nimesubiri, nimewasha seva. Nimepiga lsscsi, amri ya Linux ya kuorodhesha diski: ule mstari wa "enclosu" wenye jina MD1200 upo. Nilitaka kupiga kelele.

Halafu nikahesabu diski. Sita. Nimebadilisha nafasi za diski, bado sita. Nimechomoa kebo na kurudisha, sita. Je, inawezekana njia mbili ndani ya kebo zimekufa ndiyo maana napata nusu?

Fundi_Majengo (saa 5 na dakika 10)

Hapana, njia zikifa kasi inapungua, diski hazipotei. Ekspanda inahudumia diski zote hata kwa njia moja.

Bibi_Raki (Jumamosi, saa 12 asubuhi)

Fundi amesema kweli. Mwanangu, nenda mbele ya sanduku, pembeni kushoto au kulia kuna kiswichi kidogo. Sanduku hili linaweza kufanya kazi kama kitu kimoja au kugawanywa nusu kwa nusu, kila moduli na diski zake sita. Aliyekuwa nalo kabla yako alilitumia kwa seva mbili, naamini. Wewe umechomeka moduli moja, unapata nusu yake. Zima seva, zima sanduku, sogeza swichi, washa upya kwa mpangilio uleule. Swichi inasomwa wakati wa kuwaka tu, ukiisogeza vikiwa hai hakuna kitakachotokea.

Mpiga_Picha_AreaC (saa 3 asubuhi)

Kumi na mbili! Mama ungekuwa karibu ningekuletea zabibu, lakini unazo mwenyewe.

Bibi_Raki (saa 3 na robo)

Mbichi ninazo, lete zilizokaushwa. Kabla hujaanza kuhamisha harusi za watu, angalia afya ya kebo. Ndani ya /sys/class/sas_phy kuna folda phy-0:0 hadi phy-0:7, hizo ni njia nane za kadi yako (tarakimu ya kwanza inaweza kuwa nyingine). Soma faili la negotiated_linkrate kwa kila moja: nne ziseme 6.0 Gbit, nne zisizo na kebo zitasema Unknown. Kisha soma invalid_dword_count, hesabu ya vipande vya data vilivyofika vimeharibika. Namba ndogo iliyobaki toka wakati wa kuwaka si neno. Nakili faili kubwa kwa nusu saa, soma tena. Ikiwa inapanda, kuna uchafu au kebo mbovu.

Mpiga_Picha_AreaC (saa 8 mchana)

Nne zinasema 6.0 Gbit. Nimenakili gigabaiti 700. Njia tatu hesabu haikusogea, phy-0:2 ilitoka 14 ikafika 2,310. Nimezima vyote, nimechomoa, nikachungulia mdomo wa sanduku kwa tochi ya simu: vumbi jekundu kabisa, la mnadani hilo. Nimepuliza kwa pampu ile ya kusafishia lenzi, nikasafisha kichwa kwa spiriti ya kufutia lenzi, nikakiacha kikauke. Nimerudisha, nimenakili tena gigabaiti zilezile. Hesabu imesimama kwenye 3 haisogei.

Kijana wa kuhariri nimemrudishia tupa yake.

Singida_Alizeti (saa 11 jioni)

Habari zenu wote, nimefuata uzi huu kimyakimya. Mimi nina MD1200 mbili na kadi H810 ambayo ina midomo ya 8088, na nimekwama kupata kebo ya pili ya kuunganisha sanduku na sanduku. Kaka wa Area C, ile ya mita moja, 8088 pande zote, bado unayo?

Mpiga_Picha_AreaC (saa 11 na dakika 20)

Ninayo, haijatumika. Elfu sabini, naipandisha basi la Singida Jumatatu asubuhi. Natuma picha ya vichwa vyote viwili.